Chombo Kimoja, Namba Moja: Ushauri kwa Wanaotunza Data Pwani ya Bagamoyo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanyabiashara wa pwani anaijua methali hii, na ndiyo maana mnada wa samaki haupiti bila mtu kushika kalamu. Siku hizi kalamu inaipisha simu na kompyuta. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wavuvi wanaviita BMU, vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), wakulima wa mwani wa Mlingotini, waongoza watalii na wenye nyumba za wageni wanahitaji hifadhidata, na vijana waliosomea kompyuta wapo wa kuwajengea. Ni jambo jema. Ila hifadhidata iliyojengwa vibaya ni hatari kuliko daftari la karatasi, kwa sababu ukurasa uliochanika unaonekana, lakini mauzo yaliyoandikwa kwa chombo ambacho hakipo hayaonekani mpaka siku ya kufunga hesabu.

Makala hii ni yako wewe unayejenga au kutunza mfumo wa aina hiyo. Nitatumia mfano mmoja: rejista ya vyombo, wavuvi na mauzo kwenye madiko ya Bagamoyo. Anayehudumia SACCOS au hoteli atabadilisha majina ya majedwali, kanuni ni zile zile. Na neno langu kubwa ni hili: sharti linalolinda ukweli wa data liwekwe ndani ya hifadhidata yenyewe, tangu siku ya kwanza. Lisiachiwe uangalifu wa karani aliyechoka, wala ustadi wa mwandika programu ambaye kesho atakuwa ameajiriwa kwingine.

Anza kwa karatasi, orodhesha vitu

Mifumo mingi huanzia kwenye jedwali moja la Excel: tarehe, jina la chombo, mwenye chombo, simu yake, nahodha, diko, aina ya samaki, kilo, bei, mnunuzi. Kila chombo kikitua, karani anaandika yote upya. Baada ya miezi michache "Mola Tupe" imekuwa pia "Molatupe", "MOLA TUPE" na "Mola Tupe Kaole". Mvuvi atakwambia matatu ya kwanza ni chombo kimoja na lile la mwisho ni mashua nyingine kabisa. Kompyuta haina habari hiyo. Kwake chochote kilichoandikwa tofauti ni tofauti. Tajiri, yaani mwenye chombo, akibadilisha namba ya simu, itabidi irekebishwe kwenye mamia ya mistari, na mmoja ukisahaulika sasa ana simu mbili. Karani akifuta kwa bahati mbaya mstari pekee wa chombo kigeni, chombo, mwenyewe na simu yake vimekwenda pamoja.

Tatizo hili lilipata dawa zamani. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza kwamba data zikae katika majedwali, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing kwa kazi hiyo. Programu tunazozitumia leo, kuanzia PostgreSQL na MySQL mpaka SQLite iliyomo ndani ya kila simu ya Android, zimesimama juu ya wazo hilo.

Kabla hujawasha kompyuta, chukua karatasi uandike vitu vinavyotajwa kazini: chombo, mtu, diko, aina ya samaki, safari, mauzo, leseni. Kisha kwa kila kimoja jiulize: je, kinaweza kuwepo peke yake? Ngalawa ipo hata kabla haijavua samaki mmoja, kwa hiyo inastahili jedwali lake. Safari haiwezi kuwepo bila chombo. Mauzo hayawezi kuwepo bila safari. Ukishajibu hivyo umeshayapata mahusiano: chombo kimoja kina safari nyingi, safari moja ina mauzo mengi. Kila habari iandikwe mahali pamoja tu, na wengine wote wanaoihitaji waelekezwe hapo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: bei. Usiweke bei ya kolekole kwenye jedwali la aina za samaki halafu mauzo yote yaisome kutoka huko. Bei ya mnada wa leo ni tukio la leo. Ukibadilisha bei kwenye jedwali la aina, mapato ya mwaka jana nayo yatabadilika. Bei iandikwe kwenye mstari wa mauzo yenyewe. Ni habari ya mauzo hayo, si sifa ya samaki.

Jina si ufunguo, na simu si ufunguo

Kila mstari unahitaji ufunguo msingi, yaani thamani inayoutambulisha bila kufanana na mwingine na isiyobadilika. Majina hayafai. Pwani hii akina Omari Hamisi wako wengi, na vyombo vinapewa majina yale yale ya dua na ya mapenzi kutoka Kunduchi mpaka Pangani. Namba ya simu haifai pia: watu hubadilisha laini, na simu moja hutumiwa na familia nzima.

Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, inavutia kwa kuwa ni ya mtu mmoja, lakini nayo usiifanye ufunguo msingi. Si kila baharia anayo siku unayomsajili. Pia tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiisambaza katika kila jedwali umesambaza siri ya mtu kila mahali. Lililo bora ni mfumo utoe namba yake wenyewe isiyo na maana yoyote: mtu 42, chombo 17. NIDA iwekwe mara moja tu, kwenye jedwali la watu, katika safu inayoruhusu kuwa tupu lakini yenye sharti la UNIQUE, ili namba moja isisajiliwe kwa watu wawili.

Na iandike kama maandishi, si kama tarakimu za kukokotoa. Namba hiyo ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki huzigeuza sifuri bila kukuuliza, na watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kujikuta wana namba moja. Hata hifadhidata kubwa, aina yake kubwa ya namba nzima huishia 9,223,372,036,854,775,807, ambayo ni tarakimu 19. Simu nazo ni hivyo hivyo: 0754 ikiingia kama namba, sifuri ya mbele inaondoka, na ujumbe wa malipo haufiki.

Bagamoyo ina mfano wake wa zamani wa jambo hili. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, na utamaduni wa vitabu vya parokia ukaja nao. Mkatoliki yeyote wa Tanzania anayetaka kufunga ndoa anaulizwa namba yake ya LB, ile ya kitabu cha ubatizo. Hata kama amehamia Mwanza na jina lake limeandikwa kwa tahajia nyingine, namba hiyo inamrudisha kwenye mstari mmoja, katika kitabu kimoja, cha parokia moja. Nayo ndoa ikifungwa, taarifa hurudishwa parokia alikobatizwa, ikaandikwe kwenye kumbukumbu ile ile. Ni utaratibu wa wino na karatasi, lakini kanuni ni hii hii ya kuelekeza kwa namba isiyobadilika.

Ufunguo wa kigeni: mlinzi wa mlango

Safu ya jedwali moja inayobeba ufunguo msingi wa jedwali lingine inaitwa ufunguo wa kigeni. Safari 3051 ikiandikwa ni ya chombo 17, hifadhidata iliyopewa sharti hilo itakwenda kwanza kuangalia kama chombo 17 kipo. Kama hakipo, inakataa, na karani anaona kosa pale pale, nahodha akiwa bado amesimama mbele yake na anaweza kuulizwa. Huo ndio wakati pekee ambao kosa linarekebishika kwa swali moja.

Jedwali la mauzo linaweza kuandikwa hivi:

CREATE TABLE mauzo (
  mauzo_id INTEGER PRIMARY KEY,
  safari_id INTEGER NOT NULL,
  samaki_id INTEGER NOT NULL,
  kilo NUMERIC(8,2) NOT NULL CHECK (kilo > 0),
  bei_kwa_kilo NUMERIC(10,0) NOT NULL CHECK (bei_kwa_kilo >= 0),
  FOREIGN KEY (safari_id) REFERENCES safari (safari_id),
  FOREIGN KEY (samaki_id) REFERENCES aina_za_samaki (samaki_id)
);

Zingatia maneno NOT NULL. Ufunguo wa kigeni ulioachwa tupu haukaguliwi, hifadhidata inaupitisha. Mauzo yasiyo na safari yataingia kimya kimya, na ndiyo yatakayokusumbua mwisho wa mwezi.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodhani wamelindwa na kumbe hawajalindwa. SQLite ilianza kusimamia funguo za kigeni katika toleo la 3.6.19 la mwaka 2009, lakini kwa kawaida ulinzi huo umezimwa; programu yako lazima itoe amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila inapofungua hifadhidata. MySQL ya zamani ilitumia injini ya MyISAM, ambayo huisoma amri ya ufunguo wa kigeni na kuipuuza. InnoDB inayousimamia ikawa injini ya kawaida kuanzia toleo la 5.5, mwaka 2010. Sharti la CHECK nalo MySQL ililipuuza mpaka toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Na kwa miaka mingi MySQL hiyo hiyo, ukiandika REFERENCES ubavuni mwa safu badala ya kuiweka kama sharti la jedwali chini, haikulalamika wala haikufanya kitu. Ndiyo maana hapo juu nimeiandika chini. Ukitumia Access, kuchora mstari kati ya majedwali mawili hakutoshi; ni lazima uweke tiki kwenye kisanduku cha kulazimisha uadilifu wa mahusiano. Katika PostgreSQL ulinzi upo, ila faharasa kwenye safu ya ufunguo wa kigeni haitengenezwi yenyewe. Itengeneze, au siku ya kutafuta safari zote za chombo fulani utasubiri.

Kwa hiyo usiamini ulichoandika, kijaribu. Ingiza mauzo ya safari 999999 ambayo haipo. Ingiza kilo hasi. Jaribu kukifuta chombo chenye safari. Kila jaribio likikataliwa, mlinzi yupo. Likikubaliwa hata moja, simamisha kazi mpaka ujue kwa nini.

Nahodha anahama, umiliki unahama, mpaka unahama

Mahusiano magumu ni yale ya wengi kwa wengi. Baharia mmoja leo yuko kwenye jarife la tajiri huyu, kesho yuko kwenye mishipi ya mwingine. Na chombo kimoja kina mabaharia kadhaa. Usiweke safu za baharia_1, baharia_2 na baharia_3 kwenye jedwali la safari. Siku wakienda watano utakwama, na swali rahisi kama "huyu ametoka mara ngapi mwezi huu?" litakulazimu kupekua safu tatu. Tengeneza jedwali la kiungo, liite ubaharia, lenye safari_id, mtu_id na wadhifa wake. Ufunguo wake msingi uwe safari_id na mtu_id kwa pamoja, ili mtu mmoja asiandikwe mara mbili kwenye safari moja. Hapo mgawo wa mapato kati ya tajiri, nahodha na mabaharia unakokotolewa bila ugomvi.

Umiliki wa chombo nao uwe na jedwali lake, lenye tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Mashua ikiuzwa, funga mstari wa zamani kwa tarehe, fungua mpya. Ukibadilisha jina la mwenye chombo tu, mauzo yote ya nyuma yatahesabiwa kwa aliyenunua jana, pamoja na madeni yasiyo yake.

Mipaka ya utawala pia inahama, na Bagamoyo ndiyo shule yake. Wabunifu wengi hudhani wilaya na halmashauri ni kitu kimoja, wakaweka safu moja. Lakini mwaka 2015 ilianzishwa Halmashauri ya Chalinze, na tangu hapo Wilaya ya Bagamoyo ina halmashauri mbili. Kijiji cha Saadani, ambacho kiko kata ya Mkange, kikaangukia upande wa Chalinze, wakati Dunda, Magomeni na Zinga zimebaki Bagamoyo. Mfumo wenye safu moja una njia mbili, na zote mbaya: kubadilisha neno na kuharibu ripoti za 2014, au kuliacha na kukosea ripoti zote zinazofuata. Mfumo wenye jedwali la kata, jedwali la halmashauri, na jedwali la kiungo lenye tarehe unaongeza mstari mmoja tu kwa kila kata iliyohama. Ripoti ya 2014 inabaki sahihi, na ya 2016 inakuwa sahihi. Kibaha nako kuna halmashauri mbili, kwa hiyo usidhani hili ni jambo la Bagamoyo peke yake. Hata mikoa imeongezeka: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, kisha Songwe mwaka 2016.

Usifute, funga

Unapoweka ufunguo wa kigeni, hifadhidata inataka kujua ifanye nini mzazi akifutwa. Chaguo la ON DELETE CASCADE linafuta na watoto wote. Linarahisisha kazi, na ndiyo hatari yake: karani akiifuta mashua iliyovunjika, safari zake zote zinakwenda, mauzo ya safari hizo yanakwenda, na mapato ya mwaka jana yaliyokwisha kupelekwa halmashauri yanapungua bila mtu kujua. Kwa rekodi za fedha na za samaki, chagua RESTRICT, yaani kataa. CASCADE ibaki kwa vitu visivyo na maisha nje ya mzazi wao, kama mistari ya rasimu ambayo haijathibitishwa.

Chombo kilichovunjika, kilichozama au kilichouzwa Unguja kisifutwe. Kipe safu ya hali na tarehe ya kuondoka. Pia gawa mamlaka ndani ya hifadhidata yenyewe: karani wa diko aruhusiwe kuingiza na kusoma, kufuta kubaki kwa mtu mmoja anayewajibika. Kila mstari ubebe nani aliuandika na lini.

Sifuri, saa na ndoo

Uhusiano sahihi hauokoi thamani mbovu. Mambo matatu yanaharibu data za pwani kuliko mengine.

La kwanza ni tofauti ya sifuri na kutokujua. Chombo kilichotoka usiku kucha kikarudi kitupu ni safari halali yenye mauzo sifuri. Chombo ambacho karani hakukiwahi ni safari isiyojulikana. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ambao wana kituo chao Kunduchi, na maofisa wanaosomea uvuvi katika chuo cha FETA Mbegani, hupima hali ya samaki kwa kulinganisha kilichovuliwa na juhudi iliyotumika. Ukizitupa safari tupu, bahari itaonekana ina samaki wengi kuliko waliopo. Kwa hiyo safari iandikwe hata kama haina mauzo, na iwe na safu inayosema: imerudi na samaki, imerudi tupu, au haikukaguliwa. Safu hiyo isikubali kubaki wazi.

La pili ni saa. Mvuvi akisema ametua saa tatu asubuhi, ni saa 9:00 ya kompyuta. Karani akiandika 3:00, hifadhidata inapokea usiku wa manane, na hakuna ufunguo wa kigeni utakaomzuia. Fomu yako ioneshe saa ya Kiswahili pamoja na kipindi, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu ifanye ubadilishaji. Kisha ndani ya hifadhidata weka sharti kwamba tarehe na saa za kutua haziwezi kutangulia zile za kutoka. Tarehe nazo ziandikwe mwaka, mwezi, siku. 03/04 kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani ni Machi, si Aprili.

La tatu ni vipimo. Dagaa wanauzwa kwa ndoo, changu kwa fungu au kwa kilo, nguru mmoja mmoja, pweza kwa idadi. Usimlazimishe karani kukisia kilo. Tengeneza jedwali la vipimo, mauzo yaelekezwe humo, na uzito wa wastani wa kila kipimo kwa kila aina ya samaki uwekwe kwenye jedwali lake na tarehe ya upimaji. Siku mtakapopima upya, mtakokotoa upya bila kupoteza kilichoandikwa diko.

Umeme unapokatika na mtandao unapokosekana

Uuzaji mmoja wa mnada unaweza kugusa majedwali matatu: mauzo, ushuru, na deni la mchuuzi aliyechukua samaki kwa ahadi. Umeme ukikatika baada ya la kwanza, umeandika samaki waliouzwa bila ushuru wala deni. Zifunge amri hizo tatu katika muamala mmoja, unaoanza kwa BEGIN na kumalizika kwa COMMIT. Ama zote ziingie, ama isiingie hata moja. Malipo ya ushuru yakifanyika kwa kontroo namba, iweke namba hiyo kwenye safu yenye UNIQUE, ili malipo yale yale yasihesabiwe mara mbili kwa sababu mtu alibonyeza kitufe tena.

Kwenye madiko ya mbali, simu zitafanya kazi bila mtandao na kutuma data baadaye. Hapo namba za mfululizo zitagongana: Saadani wataandika safari 3051, na Mlingotini nao wataandika 3051. Tumia namba ndefu za nasibu, zinazoitwa UUID, au ufunguo wenye sehemu mbili: namba ya diko na namba ya mfululizo ya diko hilo. Amua kabla ya kugawa simu. Zikishakusanywa rekodi zilizogongana, kuzitenganisha ni kazi ya machozi.

Kama data zimeshachafuka

Pengine unasoma haya ukiwa tayari na miaka kadhaa ya mistari isiyo na ulinzi. Usikate tamaa, na usikimbilie kufuta. Fuata mpangilio huu.

Chukua nakala rudufu kwanza, uihifadhi mbali na kompyuta hiyo, na uhakikishe inafunguka. Kisha watafute yatima, yaani mistari inayoelekea kusikokuwepo:

SELECT s.safari_id, s.chombo_id
FROM safari s
LEFT JOIN vyombo v ON v.chombo_id = s.chombo_id
WHERE v.chombo_id IS NULL;

Majina yaliyoandikwa ovyo yachapishe kwenye karatasi kwa mpangilio wa alfabeti, uende nayo diko. Kaa na uongozi wa BMU na manahodha wazee wakati vyombo vingi vimepumzika. Wao ndio wanaojua kwamba "Molatupe" na "MOLA TUPE" ni mashua moja na ya Kaole ni nyingine. Hakuna programu ya kulinganisha herufi itakayokupa jibu hilo kwa uhakika. Majibu yao yaandike kwenye jedwali la tafsiri: jina lililoandikwa, na chombo_id sahihi. Maandishi ya asili yaache kama yalivyo, uyapitie tena siku mtu akikataa.

Ikiwa chombo 17 na chombo 203 ni kimoja, ndani ya muamala mmoja hamisha safari, leseni na umiliki wote wa 203 uende 17, kisha weka alama kwamba 203 kimeunganishwa na 17. Hapo tu ndipo uwashe ufunguo wa kigeni. PostgreSQL ina njia nzuri kwa wenye data nyingi: sharti likiongezwa kwa neno NOT VALID, mistari mipya inakaguliwa papo hapo, na ya zamani utaithibitisha baadaye kwa VALIDATE CONSTRAINT, ukishamaliza kuisafisha. Kwa njia hiyo unaziba ufa leo, bila kusubiri ukuta uanguke.

Data hizi ni za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ahakikishe ni sahihi na zinatumika kwa lengo lililokusudiwa. BMU yenye rejista ya majina, simu na namba za NIDA ijihesabu kuwa inahusika. Muundo mzuri unakusaidia kuitii: kwa kuwa taarifa za mtu ziko kwenye jedwali moja tu, akiomba kurekebishiwa unarekebisha mara moja. Na mtu akiondoka, unaweza kuondoa jina, simu na NIDA yake ukabakiza mtu 42 kama namba tupu, ili safari na mauzo ya nyuma yasibaki yatima.

Sisemi haya kwa kupenda majedwali. Kilo hizi ndizo zinazoamua kama eneo lifungwe ili samaki wazaliane, ushuru wa diko ni halali au umezidi, tajiri anakopesheka au la, na baharia amepata mgawo wake au amedhulumiwa. Mvuvi hana njia ya kuikagua kompyuta yako. Anachoweza ni kukuamini au kuacha kukuambia ukweli. Akishaacha kukuambia, hakuna programu itakayomrudisha. Basi wiki hii, kabla hujaongeza kitufe kingine au ripoti nyingine ya rangi, ingiza ile safari 999999 uone hifadhidata yako itasemaje. Ikikubali, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.